Usaili wa uhakimu: Somo lisilo na silabasi

Tangazo la nafasi za Hakimu Mkazi Daraja la II huwa fupi. Linamtaka raia wa Tanzania mwenye shahada ya sheria, aliyehitimu mafunzo ya uanasheria kwa vitendo katika Law School of Tanzania. Kisha huorodhesha majukumu ya kazi na tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Matukio ya sasa hayatajwi popote. Hata hivyo, anayejiandaa kwa usaili anajua yanaweza kumfikia kwenye karatasi ya maandishi au kutoka kwa mjumbe wa jopo, na kwamba chuoni hakuwahi kuketi kwenye mhadhara uliomwandaa kwa hayo.

Ajira hiyo iko mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Mahakama, chombo kilichowekwa na Ibara ya 112 ya Katiba ya mwaka 1977. Mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu, na miongoni mwa wajumbe wamo Jaji Kiongozi na Jaji wa Mahakama ya Rufani. Uendeshaji wake umefafanuliwa katika Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011. Tume hii isichanganywe na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako wanaotaka kuwa mawakili wa Serikali hupeleka maombi yao. Zanzibar ina Mahakama yake na Tume yake. Ujaji nao una njia nyingine kabisa: chini ya Ibara ya 109, Rais huwateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume.

Nchi nyingine zimelishughulikia somo hili waziwazi zaidi. Katika majimbo kadhaa ya India, mtihani wa kuingia utumishi wa mahakama za chini una maswali ya maarifa ya jumla yanayojulikana mapema, na maduka ya vitabu huuza mijalada ya matukio ya mwezi kwa mwezi. Kenya imechagua uwazi wa namna nyingine. Tume ya huko iliwasaili waombaji wa nafasi ya Jaji Mkuu mwaka 2021 mbele ya kamera, na wananchi wakafuatilia maswali na majibu wakiwa nyumbani kabla Martha Koome hajateuliwa. Msailiwa wa Dar es Salaam hana mjalada wala kamera. Ana gazeti, redio, simu na wenzake.

Sababu ya kumuuliza hakimu mtarajiwa habari za nchi imo ndani ya sheria yenyewe, na inashangaza kuwa wengi waliofaulu somo la ushahidi hawaikumbuki wanapoanza kulalamikia maswali hayo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataja mambo ambayo mahakama huyachukulia kuwa yanajulikana, yasiyodai shahidi wala kielelezo. Humo zimo sheria zote zilizoandikwa, majina na vyeo vya waliopewa ofisi za umma ikiwa uteuzi wao umetangazwa katika Gazeti la Serikali, nchi zinazotambuliwa na bendera zake, mipaka ya kijiografia, sikukuu na siku za mapumziko. Wakili akisimama mbele ya Mahakama ya Wilaya ya Temeke na kueleza kuwa siku ya mwisho ya kukata rufaa iliangukia sikukuu ya umma, hakimu hawezi kuagiza waletwe mashahidi wawili wa kuthibitisha kwamba tarehe 7 Julai ni Sabasaba. Sheria inamhesabu kuwa anajua.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ndio unaowaangusha wengi. Hakimu anayesikia redioni, akiwa ndani ya daladala ya Chamazi, kwamba mshtakiwa fulani ni jambazi sugu, haruhusiwi kuingia nayo mahakamani habari hiyo. Ile ni habari tu. Haikuapishwa, haikuhojiwa na upande wa pili, na haimo katika orodha ya yanayochukuliwa kuwa yanajulikana. Kwa hiyo swali la matukio ya sasa hupima vitu viwili kwa pamoja: kama msailiwa anaijua nchi anayotaka kuihukumia, na kama anaweza kutenganisha anachojua kama mwananchi na anachoweza kukitumia kama hakimu. Anayekariri orodha ya mawaziri hufika nusu ya kwanza tu.

Kwa mwanasheria, tukio kubwa la miaka ya karibuni halikupewa nafasi kubwa mitaani. Tarehe 23 Aprili 2025 lilizinduliwa jijini Dodoma Toleo la Urekebu la Sheria za Tanzania la mwaka 2023, likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Urekebu mkubwa uliolitangulia ulikuwa wa mwaka 2002. Katika toleo jipya marekebisho ya zaidi ya miaka ishirini yameingizwa ndani ya sheria mama, vifungu vilivyofutwa vimeondolewa, na vingi vilivyobaki vimesogea namba. Aliyemaliza Law School mwaka 2023 akiwa amehifadhi vifungu kwa namba anaweza kukitaja kwa kujiamini kifungu ambacho siku hizi kinazungumzia jambo jingine. Dawa yake inachosha lakini haina mbadala: kuzipitia upya sheria za kila siku za hakimu, yaani Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sheria ya Ushahidi, Sheria ya Mahakama za Mahakimu na Kanuni ya Adhabu, zikiwa katika toleo hilo, na kuandika namba mpya pembeni ya ya zamani.

Mabadiliko mengine yalikuja moja moja na ni rahisi kuyasahau. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Mwaka huohuo mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi yakabaki na kazi ya kusuluhisha. Tangu Desemba 2023 anayetaka kwenda Mahakama ya Rufani kwenye mashauri ya madai hahitaji tena kuomba ruhusa kwanza, hatua iliyokuwa imekula miaka ya watu wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kila moja ya habari hizi ilitoka magazetini siku yake, aghalabu ukurasa wa ndani, na kila moja inaweza kugeuzwa swali la mistari miwili.

Mabadiliko ya mwaka 2021 kuhusu lugha yana mtego wake. Sheria hufundishwa vyuoni kwa Kiingereza, na msailiwa anaweza kuujua mjadala wote wa dhamana lakini akakwama anapotakiwa kuueleza kwa Kiswahili chenye staha ya mahakama. Mdai, mdaiwa, mrufani, mjibu rufaa, hati ya mashtaka, amri ya zuio, mwenendo wa shauri: msamiati huu haupatikani kwa kusikia tu. Njia ya mkato ni kuzisoma hukumu za Kiswahili, ambazo zimeongezeka, na kufanya mazoezi ya kusimulia habari moja ya kisheria kwa dakika mbili bila kuchanganya lugha. Wengi hugundua kuwa dakika mbili ni ndefu.

Baada ya sheria huja Mahakama yenyewe kama taasisi. Hapa maswali ni ya wazi na hayana huruma, maana anayeomba kazi nyumbani kwa mtu hutarajiwa amjue mwenye nyumba. George Masaju aliapishwa kuwa Jaji Mkuu Juni 2025, akimrithi Profesa Ibrahim Hamis Juma. Kabla ya hapo Masaju aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jaji Kiongozi aliyeteuliwa mwaka 2021 ni Mustapher Siyani. Jengo la makao makuu ya Mahakama lilizinduliwa Dodoma tarehe 5 Aprili 2025. Historia nayo huulizwa: Augustine Saidi ndiye Mtanzania wa kwanza kuwa Jaji Mkuu, mwaka 1971, akimpokea Telford Georges, mzaliwa wa Dominica; Francis Nyalali alishika nafasi hiyo tangu 1977 hadi 2000; na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika na mahakama yake ya rufani kutoweka nayo.

Wanaoishi pembezoni mwa Dar es Salaam wana bahati ambayo hawaitumii vya kutosha, kwa kuwa mageuzi mengi ya Mahakama yalipitia mitaani kwao. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa huu na watu 5,383,728, kati yao 1,346,674 wakiwa Temeke na 982,328 Kinondoni. Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki, vinavyoweka ngazi kadhaa za mahakama pamoja na wadau wake chini ya paa moja, vilizinduliwa Oktoba 2021, na viwili kati ya vile vya mwanzo viko Kinondoni na Temeke. Cha Temeke kimejikita katika mashauri ya familia: mirathi, ndoa, talaka, matunzo ya watoto. Kabla ya hapo, Februari 2019, ilizinduliwa mahakama inayotembea, gari lenye chumba cha mahakama ndani yake, iliyokusudiwa maeneo ya mbali na majengo ya mahakama kama Bunju, Kibamba, Buza na Chanika. Msailiwa wa Buza akiulizwa juu ya kusogeza huduma ya haki kwa wananchi, halazimiki kuanza kwa nukuu za mikutano ya kimataifa. Anaweza kuanza na gari lile, akaeleza linafaa kwa mashauri ya aina gani na kwa nini shauri la mashahidi kumi na wawili halilifai.

Mitaa hiyohiyo ni shule ya migogoro. Mtu aliyeuziwa kiwanja Goba ambacho kumbe kilishauzwa kwa wawili waliomtangulia, mjane wa Mbagala anayedaiwa ahame kabla hata msimamizi wa mirathi hajateuliwa, mwenye bodaboda ya mkataba aliyenyang'anywa pikipiki kwa deni la wiki moja: hizi ni habari za sasa hata kama hazikutangazwa saa mbili usiku. Kila moja ina swali la mamlaka ndani yake. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mali isiyohamishika yasiyozidi shilingi milioni 50 na mengine yasiyozidi milioni 30, viwango vilivyowekwa mwaka 2016. Mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu huanzia huko bila kujali thamani ya mali. Mgogoro wa kiwanja, hata hivyo, una mabaraza yake ya ardhi na nyumba. Jopo likitoa kisa cha mtaani, mara nyingi linasubiri kusikia msailiwa akitaja mlango sahihi kabla hajaanza kutoa haki.

Namna ya kulifanya tukio kuwa jibu inaonekana vizuri katika suala la umri wa ndoa. Chukua habari ya kawaida ya gazetini: binti wa miaka 15 ameozeshwa, mzazi amekamatwa. Msomaji wa kawaida hukasirika na kufungua ukurasa wa michezo. Msailiwa anaanza na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo vifungu vyake vya 13 na 17, kwa namba za zamani, viliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Anakwenda Julai 2016, Mahakama Kuu ilipoamua katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Anakwenda Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ilipoitupa rufaa ya Mwanasheria Mkuu. Kando ya njia hiyo anakutana na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, yanayofanya kumuoa au kumuozesha mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 30, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayomtaja mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18.

Sasa habari imekuwa na viungo. Ni lazima kujua kama binti alikuwa mwanafunzi, maana ndiko kosa linakokaa. Ni lazima kujua nani ameshtakiwa, mzazi au muoaji. Kuna swali gumu zaidi: kifungu kikitangazwa kuwa batili na Bunge likakawia kukirekebisha, hakimu wa wilaya anayeletewa ombi la kibali cha ndoa afanye nini? Jibu linaloanza na jinsi hukumu ya Mahakama ya Rufani inavyozifunga mahakama zote zilizo chini yake litalifurahisha jopo kuliko dakika tano za maneno mazito juu ya ustawi wa mtoto wa kike, ingawa maneno hayo ni ya kweli. Tukio moja lililochambuliwa hivi kwenye ukurasa mmoja wa daftari linafaa kuliko vichwa vya habari hamsini.

Matukio ya nchi kwa ujumla yanaweza kupitiwa haraka zaidi. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 2025, nayo ina mengi juu ya utawala bora ambayo hufaa kwa swali la insha. Treni ya umeme imefika Dodoma tangu 2024. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama wanane baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia kufuatia. Mahakama yake iko Arusha, mji uleule wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kuzichanganya mahakama hizi mbili ni kosa linalomwaibisha mtu kuliko kutojua jina la waziri.

Yako matukio ambayo msailiwa huyaogopa, na ana sababu. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, vurugu na vifo vilivyofuata, na tume ya uchunguzi iliyoundwa Novemba chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ni mambo yanayogawa meza za chakula, sembuse chumba cha usaili. Kukaa kimya ni jibu baya, na kuhutubia ni baya zaidi. Liko eneo pana la sheria la kusimamia. Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yaliyokwisha kutangazwa. Mahakama ya Afrika, katika shauri la Jebra Kambole mwaka 2020, iliona kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Tanzania ilikuwa imeshatoa taarifa, Novemba 2019, ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Matokeo ya ubunge yana njia yake Mahakama Kuu. Anayeweza kupanga mambo haya kwa utulivu, akaeleza kilichoamuliwa na ambacho bado kinabishaniwa, huwa amejibu kama hakimu. Kuhusu shauri ambalo bado liko mahakamani, kueleza hatua lilipofikia kunatosha. Kutabiri hukumu kunamwonyesha mtu asiyefaa kuketi kwenye kiti.

Vyanzo vya kusoma havikosekani, na vingi havina gharama kubwa. TanzLII huweka hukumu na sheria mtandaoni bila malipo, na simu ya kawaida yenye bando dogo inazifungua. Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa, na humo ndimo uteuzi, kanuni na miswada hutangazwa rasmi. Tovuti ya Bunge ina taarifa rasmi za mijadala. Kwenye meza za magazeti za Mbagala Rangi Tatu au Tegeta, asubuhi, watu husimama wakisoma vichwa vya habari vya Mwananchi, Nipashe na HabariLeo bila kununua, na wachuuzi wamezoea. Kwa msailiwa kichwa cha habari ni dalili tu ya mahali pa kutafuta. Habari ikisema mahakama imezuia jambo fulani, kazi yake ni kuutafuta uamuzi wenyewe jioni na kuona kama kweli umezuia au umeahirisha. Mara kadhaa ataona gazeti lilikimbia mbele ya jaji.

Mwaka nao una misimu yake. Mwishoni mwa Januari huwa Wiki ya Sheria, ambako kaulimbiu ya Mahakama kwa mwaka hutajwa hadi kilele mwanzoni mwa Februari. Kaulimbiu hiyo hufaa kuijua neno kwa neno. Aprili ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufika bungeni. Katika Bunge la bajeti husomwa bajeti ya Wizara ya Katiba na Sheria, yenye takwimu nyingi za sekta kuliko gazeti lolote. Julai huanza na Sheria mpya ya Fedha, ambayo hubeba marekebisho ya sheria nyingine kadhaa.

Makundi ya kusomea pamoja husaidia kwa sharti moja, kila mtu alete chanzo. Makundi ya WhatsApp yamejaa faili zenye majina ya kuvutia, maswali yaliyopita na majibu yake, ambayo hakuna anayejua yalitoka wapi. Majibu yaliyoandikwa kabla ya Julai 2025 huweza kuwa na namba za vifungu zilizokwisha kupitwa. Baya zaidi ni matangazo bandia ya kuitwa kwenye usaili na watu wanaodai ada ya kumpangia mtu kituo cha kazi. Kutoa fedha kwa ajili hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kuanza safari ya uhakimu kwa kosa hilo kungekuwa kichekesho kama kusingekuwa msiba.

Tume ingeweza kupunguza biashara hiyo kwa kuchapisha, pamoja na tangazo la nafasi, muhtasari wa kurasa mbili wa maeneo yatakayopimwa: toleo la sheria litakalotumika, lugha ya kujibia, na kama matukio ya sasa yamo na kwa kiwango gani. Ingekuwa kazi ya siku moja, na ingemweka mwombaji wa Chanika sawa na yule mwenye ndugu mahakamani.